Shuka Iliyorudi Safi

Wiki niliyostaafu, vijana wanne wa chumba cha kufulia waliniomba niwaandikie maelekezo machache. Walitaka kujua kipimo cha wanga, muda wa kuchemsha mashuka na namna ya kutoa doa la wino. Hayo nimeyaandika kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari hili, na mwenye haraka na aanzie huko. Lakini kufua nguo za wanafunzi si kazi ya sabuni peke yake, na kama ningewaachia vipimo tu ningekuwa nimewadhulumu. Basi kaeni kitako niwasimulie, wala msiniulize nilipandishwa cheo lini. Dobi hapandishwi cheo. Huongezewa nguo.

Nilianza wakati wa vita, vile vikuu vya pili, kwenye chuo cha ualimu kilichokuwa Changamwe, juu ya kilima kinachotazama Jomvu. Siku hizi vijana wakisema chuo kikuu wanamaanisha majumba ya ghorofa na maelfu ya watu. Kwetu sisi wakati ule chuo kikuu kilikuwa ni kile: mabweni mawili ya bati, chumba cha kulia, na wanafunzi arobaini, watu wazima wenye ndevu, waliotoka Taita, Tana, Kwale na huko ndani Kaloleni. Mimi ni mtoto wa Jomvu Kuu, na wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Ukoo wetu wote ulikula kwa maji ya chumvi. Mimi nikaenda kula kwa maji ya sabuni, na mama yangu aliona haya kuwatajia majirani.

Bwana wangu wa kazi alikuwa Fundi Athumani, mtu wa Mtongwe, upande wa Likoni. Alikuwa mfupi, mwenye kiburi cha usafi, na hakusema na mtu kabla pipa la kwanza halijachemka. Kusoma hakujua. Alama za nguo alizitia mwenyewe kwa wino usiotoka, mistari na nukta na viduara, kila mwanafunzi na yake, na zote arobaini alikuwa nazo kichwani. Ukimuuliza hii ni ya nani alikuwa akikutazama kama umemuuliza jina la mkewe.

Siku ya kwanza alinipa pipa la mashuka meupe, akaenda kuswali adhuhuri. Pembeni palikuwa na rundo la mapazia meusi, yale tuliyoamriwa kuyatundika madirishani ili ndege za adui zisione mwanga. Nikaona nimpunguzie mzee kazi. Nikayatumbukiza pamoja. Aliporudi, mashuka yote yalikuwa rangi ya jivu. Hakunigombeza. Alichovya kidole kwenye maji, akakitazama, akasema, "Vyema. Sasa hata tukilala uwanjani adui hatatuona." Juma zima nilichemsha, nikasuuza, nikatia buluu ya kung'arisha, mpaka ngozi ya vidole ikachubuka.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Mapipa mawili, makarai manne, jiwe la kufulia lililolainishwa na mikono ya waliotutangulia, na pasi tatu za mkaa. Joto la pasi Fundi alilipima kwa kuisogeza karibu na shavu, na mimi nilipojaribu nilitembea na kovu hadi Ramadhani. Alinifundisha kuwa adui wa dobi si matope, ni kutu. Matope hutoka kwa nguvu, kutu hutoka kwa subira. Unakamulia ndimu juu ya doa, unanyunyiza chumvi, unaweka juani, unaacha. Ukisugua umeharibu. Hilo la kutu mlishike, kwa maana linarudi mbele.

Mwezi wa tatu ndipo aliponianzisha kusoma. "Usifue kitu hujakisoma," aliniambia. Alitandaza shuka moja mezani kabla ya kuilowesha, akanionyesha. Mtu aliyelala vizuri huacha makunjo katikati, mengi, yamelala upande mmoja, na doa hafifu la jasho penye bega. Mwenye homa, shuka yake ina manjano kuanzia shingoni. Anayelia, tazama foronya: kitambaa kimekakamaa kwa chumvi. Mwenye wasiwasi husokota pindo la shuka kwa vidole bila kujua, ukilinyoosha linajirudi. Nilidhani ananichezea. Akanitolea mashuka matatu, akataja habari za wenyewe, na jioni nilipowaona kwenye chumba cha kulia nikawakuta vile vile: mmoja anakohoa, mmoja macho mekundu, mmoja anacheka na sahani yake.

Mtihani ulipokaribia nikaona jambo ambalo mpaka leo linanisisimua. Mashuka yalibadilika yote kwa pamoja. Wiki ile ile, watu waliokuwa wakiacha makunjo katikati wakaanza kusokota mapindo. Foronya zilikuja zimetafunwa pembeni, na walio wazima mchana, wanaocheza mpira na kutaniana, mashuka yao yalisema mengine kabisa. Nilisimama mbele ya lile rundo, mkono nimeuweka kifuani. Sikujua kwamba kusoma kunaweza kumkamata mtu namna ile, na kwamba usingizi, ambao mimi niliupata nikiegemea tu ukuta, kwa wengine ni kitu cha kupiganiwa.

Fundi aliniwekea sheria moja. "Ulilosoma kwenye shuka lizike kwenye maji. Dobi akiwa na mdomo, watu watalala kwenye majani." Nikaitikia naam, fundi. Naam ni neno jepesi.

Mwaka wa pili Fundi alipata jipu la mguu, akalazwa kwao Mtongwe karibu mwezi mzima. Nikabaki peke yangu na mashuka arobaini, nikajiona mimi ndiye mimi. Ndipo alipokuja Karisa. Sina maana kwamba alikuja chuoni, hapo alikuwa na mwaka wake wa mwisho. Nina maana alikuja mezani kwangu, kwa alama yake ya mistari miwili na nukta.

Alikuwa Mgiriama kutoka ndani ya Kaloleni, mrefu, mpole wa kusema, Mkristo wa kwenda kanisani hata siku ambazo wenzake walikuwa na mafua. Jumatatu ya kwanza ya upweke wangu shuka yake ilirudi safi. Nikiitandaza naona mistari ya pasi yangu mwenyewe bado imesimama, kama vile nilivyoikunja. Hakuna jasho, hakuna unywele. Nikasema moyoni, huyu ni mtu msafi. Jumatatu ya pili, vile vile. Ya tatu, hivyo hivyo. Ya nne nikatikisa kichwa na kucheka. Shuka isiyolaliwa ni kitanda kisicho na mtu, na mtu asiyelala kwake yuwalala kwa mwingine. Magongo hapo chini palikuwa na nyumba za wapangaji na akina dada wachangamfu. Nikaisoma barua yote kwa neno moja.

Kama ningenyamaza, kosa lingekuwa langu na beseni langu. Lakini mchana ule, kwenye foleni ya chakula, nilimwambia kiranja wa bweni, aliyeitwa Yohana, "Huyu Karisa wenu ana kitanda kingine Magongo. Hiki cha hapa ni cha maonyesho." Watu wakacheka, na mimi nikafurahi kuwa nimewachekesha wasomi.

Yohana hakucheka. Wakati wa vita, kulala nje ya chuo lilikuwa jambo zito. Barabara zilikuwa na askari, na mwanafunzi aliyekamatwa nje usiku hakurudi darasani tena. Kesho yake Karisa aliitwa ofisini. Aliulizwa alikuwa akilala wapi. Akajibu, "Sikutoka chuoni." Akaulizwa kwa nini basi shuka yake hailaliwi. Akanyamaza. Bwana Mkuu wa chuo akampa mpaka Jumamosi: aseme, ama afunge sanduku lake arudi kwao. Na Ijumaa ya juma la pili yake ndiyo mkaguzi wa elimu alikuwa aje kuwasikiliza wanafunzi wa mwaka wa mwisho, kila mmoja na somo lake mbele ya watoto wa shule ya jirani. Karisa alikuwa ameshindwa somo hilo mara moja. Maneno yalimkauka katikati, akatoka darasani. Hii ilikuwa nafasi yake ya pili, na ya tatu haikuwapo.

Fundi Athumani alirudi Alhamisi, anachechemea, na habari alizipata kivukoni kabla hajanifikia. Nilimwamkia. "Shikamoo, fundi."

"Marahaba," alisema, na hakusema jingine mpaka alipoingia ndani na kukalia kapu. "Nambia ulivyoisoma."

Nikamwambia. Safi, mistari ya pasi imesimama, Jumatatu tatu na hii ya nne.

"Na nguo zake nyingine?"

"Za kawaida. Ila suruali yake ya kaki hutoka na kutu hapa matakoni. Kila wiki. Natia ndimu, yatoka, wiki ya pili yarudi pale pale."

Fundi alinitazama kwa muda mrefu. Nimepigwa na baba, nimepigwa na mwalimu wa chuo cha Kurani, lakini sijawahi kuumia kama nilivyoumia kwa kutazamwa vile. "Wallahi, Bakari, umevunja mwiko wa kazi," alisema. "Tena ungalivunja kwa la kweli, ningalikusamehe."

Jumamosi alivaa kanzu yake ya Ijumaa, akaniambia nibebe kapu nimfuate. Bwana Mkuu alikuwa Mwingereza aliyejifunza Kiswahili vitabuni, na alikisema polepole, kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Karisa alikuwa amesimama mbele yake, macho yamezama ndani. Mlangoni alikuwako Yohana.

"Bwana Mkuu," Fundi alisema, "mimi karatasi sijui kusoma. Naomba nikusomee nguo."

Akatandaza shuka juu ya meza, juu ya makaratasi na kidau cha wino. "Kijana wangu ameona hii akasema mwenyewe hayuko. Amekosa. Mtu anayelala nje huivuruga shuka yake makusudi, ili afiche. Huyu hakuficha kitu." Akatoa blanketi. "Hili begani limechakaa, miguuni jipya. Mtu alalaye hujifunika miguu. Huyu alijifunika mabega, amekaa." Halafu akaitoa suruali ya kaki, akaigeuza nyuma, akamwonyesha doa la kahawia, refu kama kidole, lenye tundu katikati. "Bakari, kutu hii umeitoa mara ngapi?"

"Mara nne, fundi," nilisema.

Fundi akaomba sanduku la Karisa liletwe. Lilikuwa la bati, na juu ya kifuniko, pale penye kufuli, palikuwa na bamba la chuma lenye tundu la ufunguo, lililoliwa na kutu. Akaiweka suruali juu yake. Doa likakaa juu ya bamba, tundu juu ya tundu.

Bwana Mkuu aliinama akatazama, akavua miwani, akatazama tena. "Kwa hiyo hakulala nje," alisema. "Basi alilala wapi?"

"Hakulala, bwana."

Ndipo Karisa aliposema, akimwelekea Fundi wala si Bwana Mkuu. Alisema mwanzoni alikuwa akikesha kwa kusoma. Halafu akaacha kitabu, usingizi usije. Akilala chali moyo unamwenda mbio, akigeuka analisikia somo lake lote, kila neno, mpaka pale lilipomkauka. Mwisho kitanda chenyewe akakiogopa. Akawa anakitandika vizuri, anakaa juu ya sanduku, anajifunika blanketi na kungoja kupambazuke. Akisinzia, kichwa hugonga ukuta, huamka. Kwao wameshajenga banda la shule. Watoto kila asubuhi huja wakakaa juu ya magogo wakimngoja, na mama yake ameandikisha barua kumwambia kwamba hata asipokuwapo mwalimu, wao hukaa tu, halafu huenda zao.

"Mbona hukusema?" Bwana Mkuu aliuliza.

"Ningesema silali, mngesema nina wazimu. Nani atampa mwendawazimu watoto?"

Bwana Mkuu alitaja hospitali ya kisiwani, na uso wa Karisa ukageuka. Fundi akakohoa. "Niachie mimi huyu mchana, bwana, mpaka Ijumaa. Nina mashuka arobaini na kijana mmoja mjinga."

Ninyi mnaotumia mashine hamjui kukamua shuka. Kunahitaji watu wawili. Mmoja hushika huku, mwingine kule, mmoja husokota kulia na mwingine kushoto, mnarudi nyuma mpaka maji yamalizike, na mkono mmoja ukilegea shuka yote hufunguka ikawapiga usoni. Fundi alituweka mimi na Karisa pande mbili za shuka moja. Siku ya kwanza sikuthubutu kumtazama. Ya pili nikamwambia, "Ndugu yangu, mimi ndiye niliyesema."

"Najua," alisema. "Uliona shuka safi ukadhani nina raha."

Nikataka kuendelea, nimwombe radhi kwa maneno niliyoyapanga tangu usiku. Akatikisa kichwa. "Kamua, Bakari. Kamua tu." Tukakamua.

Msidhani Fundi alikuwa mganga. Nilimuuliza kama kazi ile itamletea Karisa usingizi, akanijibu hajui. Jumatatu hakulala. Jumanne hakulala. Jumatano mikono yake ilikuwa imevimba na bado hakulala, nami nikaanza kuhisi kwamba nimemwua mtu kwa mzaha wa foleni ya chakula. Nilikuwa nikiswali na kuomba dua moja tu, mtu huyu apate nusu saa.

Alhamisi mvua ilikunja mbingu, ikatubidi tuingize nguo zote ndani. Kesho yake mkaguzi anakuja, na sare nyeupe za wanafunzi wote arobaini zilikuwa mle, pamoja na koti la Bwana Mkuu, zote zikingoja pasi. Chumba kilijaa joto la mkaa na harufu ya wanga. Karisa alikaa juu ya rundo la mashuka makavu. Fundi, akipuliza makaa, akamuuliza jambo la kumpotezea wakati tu. "Mwalimu, hebu nambia. Shuka ikikauka, yale maji huenda wapi? Miaka yote hii nayatoa, sijui yaendako."

Karisa akacheka kidogo, akaanza kumweleza. Alisema maji hayapotei. Alisema jua huyavuta, yakawa membamba kuliko jicho linavyoweza kuona, yakapanda. Alisema haya tunayoyasikia juu ya bati huenda ndiyo yale ya Jumatatu. Fundi alisimama na pasi mkononi, kinywa wazi, akatazama juu. Na mimi nikatazama juu. Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba ninafua kwa maji ninayoyafahamu. Tukangoja aendelee, na hakuendelea. Tulipogeuka alikuwa ameegemea ukuta, mkono bado umeinuka kidogo kama anaonyesha kitu ubaoni. Kisha mkono ukashuka, na mwili wote ukaufuata, akazama kwenye mashuka.

Nimeona mambo mengi tangu hapo. Nimeona meli za vita zimejaa Kilindini kutoka ukingo hadi ukingo. Hakuna lililonitia kicho kama uso wa mtu yule unavyofunguka, kunjo moja baada ya jingine. Nilimsogelea kusikiliza kama anapumua. Alipumua kwa kina, kwa sauti, na mate yakimtoka.

Nikachukua pasi niendelee. Fundi akanishika mkono. Pasi ya mkaa ikiwekwa juu ya kigae chake hulia, kila mara hulia, na huwezi kupiga pasi sare arobaini bila kuiweka. Akainamisha kichwa akafikiri. Huyu ni mtu aliyewahi kumrudisha mwanafunzi mlangoni mwa kanisa kwa ajili ya kola moja. Akatoa makaa ndani ya pasi zote tatu, moja moja, kwa koleo, akayaweka kwenye mchanga mkavu yasilie.

"Na sare?" nilinong'ona.

"Zitavaliwa hivyo."

Ijumaa asubuhi Karisa alikuwa bado amelala, hakugeuka hata ubavu. Tulizitoa nguo dirishani, tukazigawa hivyo hivyo zilivyojikunja. Wanafunzi walinuna, Yohana akataka kujua sababu, nikamwonyesha kwa kidole. Alitazama dirishani, akashika shati lake la makunjo akalivaa, na hakuna mwanafunzi aliyelalamika tena. Bwana Mkuu akaja mwenyewe kuulizia koti lake. Alipofika mlangoni akasimama.

"Tangu lini?"

"Tangu jana adhuhuri, bwana," Fundi alisema.

"Zamu yake ni saa tatu. Mkaguzi anaondoka saa kumi."

"Basi mwamshe weye. Mimi siwezi."

Bwana Mkuu, Mungu shahidi wangu, akavua viatu, akaingia kwa soksi, akachukua koti lake lililosinyaa kwenye kamba, akatoka. Tulisikia baadaye kwamba mkaguzi alitazama safu ya mashati yaliyokunjamana akauliza kama chuo hakina dobi. Bwana Mkuu alimjibu kwamba anaye, ila leo ana kazi nyingine. Zamu ya Karisa akaihamisha, akamweka wa mwisho, saa tisa.

Saa sita ikapita, saa saba ikapita. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni na pasi baridi mapajani. Nikaiona akilini namna ningeiangusha kwa bahati mbaya, na hakuna ambaye angenilaumu. Magogo ya Kaloleni yalikuwa mbele ya macho yangu na watoto wamekaa juu yake. Fundi akaja akaichukua ile pasi, akaiweka nje juu ya majani.

Saa nane na robo Karisa akafungua macho mwenyewe. Akatazama kamba, akatazama dari, akanitazama mimi.

"Saa ngapi?"

"Saa nane na robo."

"Alasiri bado, basi."

"Ya jana imeshapita," nilisema. "Hii ni ya leo, Ijumaa."

Hakukimbia. Alinawa uso kwenye karai la kusuuzia, akachukua leso moja ya mfukoni iliyolowa, akaniuliza kama anaweza kuiazima. Akaenda darasani kwa shati lenye alama za mashuka. Mimi na Fundi tulisimama nje ya dirisha, jambo ambalo madobi hawakuruhusiwa.

Aliwauliza watoto maji huenda wapi. Akaitundika leso dirishani. Akasema na kuuliza, watoto wakapiga kelele za kujibu, mkaguzi akaandika. Halafu katikati ya sentensi akanyamaza. Nikaona maneno yanamkauka, vile vile alivyosimulia, na mkaguzi akainua kichwa. Fundi alinibana kiganja. Karisa akaitazama leso, akaichukua, akashika ncha mbili na kuanza kuikamua, kulia na kushoto, taratibu, ingawa haikuwa na maji mengi. Tone moja likaanguka sakafuni. Watoto wote wakaliinamia kulitazama. "Hili," alisema, "mtakutana nalo tena," na somo likaendelea mpaka mwisho.

Alipata cheti chake. Sikukiona, ila nilimwona Bwana Mkuu akimpa mkono kwa mikono miwili, jambo ambalo hakuliona kwenye vitabu.

Nimefanya kazi miaka mingi baada ya hapo. Fundi Athumani alinifia mikononi, Mungu amrehemu, kikaja chumba kipya, zikaja mashine, mkaja ninyi. Wanafunzi bado husokota mapindo mtihani unapokaribia. Ziangalieni foronya kabla hamjazitumbukiza kwenye hizo mashine zenu. Na shuka ikirudi safi, msicheke. Nendeni mkamtafute mwenyewe, mmuulize kwa upole.

Lakini nataka nimalizie Jumatatu ile, ambapo wa mwaka wa mwisho walirudisha vitu vya kulalia kabla ya kwenda kwao. Karisa aliniletea shuka yake mwenyewe, na sanduku la bati kichwani, akaaga, akashika njia. Nikaitandaza. Ilikuwa imesinyaa yote. Ilikuwa na makunjo mazito katikati, jasho la bega, doa la mate lenye ukingo, na hata alama ya mguu mchafu. Siku tatu tu, na ilikuwa chafu kuliko yoyote niliyopokea mwaka ule. Nikaikunja kuipeleka kwenye pipa.

"Lete hapa," Fundi alisema.

Akaichukua, akatoka nayo uwanjani, yeye aliyekuwa akianua nguo na kuzifua upya kwa tone la tope. Akaianika vile vile, haijafuliwa, akainyoosha pembe zake. Wanafunzi waliopita walitucheka. Fundi aliketi chini yake mpaka magharibi, akiisoma, na mimi nikaketi naye.